Ushauri nasaha katika nyumba ya wapangaji

Mshauri nasaha aliye ofisini hufunga mlango, kazi ikaanza. Akimfuata mtoto nyumbani kwao Gerezani, Buguruni au Temeke, mlango huo hana. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba kulia na kushoto, na uani ambako wapangaji wote hupika na kufua. Familia nzima hulala chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Pasipo dari, anayenong'ona chumba cha kwanza husikika cha pili. Mtoto atasemaje lililomsibu bila nyumba nzima kulijua? Ugumu wa huduma hii uko hapo.

Dar es Salaam ilianza kujifunza kazi hii wakati wa UKIMWI. Mwaka 1992 kikundi kidogo cha watu wanaoishi na VVU kilianzisha shirika la PASADA, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam. Makao yake yako Chang'ombe, na huhudumia watu wa dini zote. Wahudumu wa kujitolea waliwafuata wagonjwa majumbani, na baadaye huduma ikapanuka kwa yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Ndivyo inavyokuwa: ukienda kumwona mama mgonjwa, unamkuta na mwanawe anayemuuguza, naye hajaulizwa na mtu anaendeleaje.

Kazi huanza na namna ya kuingia. Gari lenye nembo likisimama barazani, mtaa mzima umeshapata habari. Mhudumu mzoefu huja kwa miguu na nguo za kawaida, husalimia mwenye nyumba na wapangaji, na hupita nyumba kadhaa za mtaa huo ili ziara yake isiinyooshee kidole familia moja. Mjumbe wa shina hupewa taarifa kwamba kuna huduma ya familia. Sababu ya kila ziara haimhusu.

Kisha kuna saa. Mama lishe wa Kariakoo hutoka kabla ya alfajiri na kurudi giza limeingia. Ukifika saa nne asubuhi utamkuta mtoto na mdogo wake mgongoni, na kishawishi cha kuanza maongezi ni kikubwa. Ni kosa. Mzazi asiyeombwa ridhaa huiona ziara kama upelelezi, na mtoto ndiye hulipia baadaye. Ziara ya kwanza ifuate nafasi ya mama, hata ikiwa Jumapili jioni.

Faragha inayokosekana kwenye kuta hutafutwa ndani ya shughuli. Mtoto huongea njiani akienda dukani au kuchota maji. Wa umri mdogo hupewa karatasi na penseli: mchoro hausikiki chumba cha pili, na mshauri anaweza kuuliza kwa kidole tu, "Na huyu?"

Siri ya mtoto ina mpaka, naye aambiwe hivyo mapema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka huohuo ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mshauri anayeahidi "sitamwambia mtu" anaahidi asichoweza kutimiza. Aseme wazi: jambo la hatari nitalifikisha kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, nawe nitakueleza kwanza. Namba 116, simu ya msaada kwa mtoto, aijue kwa kichwa.

Halafu kuna kodi na unga. Nasaha hazikai tumboni mwa mwenye njaa, kwa hiyo msaada lazima ufike. Lakini anayegawa unga asiwe yeye anayesikiliza. Mtoto akiona mgeni huyu ndiye chakula cha nyumbani, atanyamaza asije akakikatiza. Mshauri aiunganishe familia na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) au mfuko wa kata, msaada uje kwa mkono mwingine.

Wa kuifanya kazi hii wapo. Jaribio lililofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, likachapishwa mwaka 2020, lilihusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi. Washauri hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Walifundishwa kutoa tiba ya kisaikolojia na wakasimamiwa. Tiba ilipokwisha, watoto walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida katika maeneo 3 kati ya 4. Mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilibaki katika maeneo mawili ya Kenya tu, na hilo linatuonya tusiwaache watoto mapema.

Kwa hiyo Jiji la Dar es Salaam na Manispaa ya Temeke zisijivunie idadi ya ziara. Zitenge fedha za msimamizi anayekaa na mhudumu kila wiki kupitia kesi moja moja, na posho inayomwezesha mhudumu huyo kurudi kwa mtoto yuleyule mwaka ujao. Mtoto aliyekwisha kusema siri yake mara moja asilazimishwe kuanza upya kwa mgeni mwingine.