Makungwi wa Mtandaoni: Lalamiko la Mfasiri

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alinijia na kurasa arobaini alizozipiga chapa, akaniomba nimfasirie kwa Kiswahili. "Ami," akasema, "haya ni masomo. Nimeyanakili kutoka video za mwalimu mmoja wa Marekani. Wenzangu wengi hawakifahamu Kiingereza, na wanayahitaji." Nikamuuliza ni masomo ya nini. Akainamisha uso, akajibu: "Ya kupata mtu."

Nimefasiri mengi katika umri wangu: mashairi, hadithi, hata maelezo ya kutengeneza pampu ya maji. Sikuona sababu ya kukataa. Nilikaa na kurasa zile majuma mawili, na makala haya ni hesabu ya yaliyonishinda. Maana kufasiri ni mzani mkali. Neno linaweza kutembea kifua mbele katika lugha lililozaliwa, lakini likivushwa maji ndipo hujulikana kama lina mtu ndani au ni kanzu tupu iliyotundikwa.

Kwanza nitoe haki kwa mwenye haki. Kufundisha mapenzi si uzushi wa zama za intaneti. Miaka elfu mbili iliyopita, mshairi wa Kirumi, Ovid, alitunga vitabu vitatu vya kufundisha mahaba. Viwili vya mwanzo aliwatungia wanaume, na cha tatu wanawake, ili pasiwe na upande ulioingia vitani bila ya silaha. Humo anamshauri kijana aliyekaa karibu na bibie kwenye mashindano ya farasi ampanguse vumbi lililomwangukia. Na kama hapana vumbi, basi ampanguse hilo hilo lisilokuwepo. Msomaji hucheka, kwa sababu Ovid naye anacheka. Kisha akatunga kitabu kingine cha kuwatibu wanaotaka kuacha kupenda. Mwaka wa 8 baada ya Kristo, Kaisari Augustus alimhamishia Tomis, pwani ya Bahari Nyeusi, na mwenyewe akasema kilichomponza ni shairi na kosa. Hakurudi tena Roma. Yule, walau, alilipa gharama ya somo lake.

Nasi tunao walimu wetu. Mwana Kupona wa Pate, alipotunga utendi wake mwaka 1858 hali yu mgonjwa, alianza kwa kumwita bintiye asogee karibu na wino na karatasi. Mtu anaweza leo kubishana na baadhi ya mawaidha yale, na wengi wamebishana nayo. Lakini hakuna awezaye kusema hayana mlengwa. Kuna mama, kuna binti, na kati yao kuna masafa ya mkono mmoja. Kadhalika somo na kungwi. Kungwi alimjua mwari, akamjua mama wa mwari, na pengine alikuwepo siku mwari alipozaliwa. Alisema mambo mazito kwa nyimbo na vichekesho, na ngoma ilipokwisha mwari alitolewa, kazi ikaisha. Tutalikumbuka hili la kazi kuisha.

Sasa tuingie kwenye kurasa zangu arobaini. Maneno yake mengi yana ukoo unaojulikana. Mwaka 2005 mwandishi wa Kimarekani, Neil Strauss, alitoa kitabu kiitwacho The Game, kilichojaladiwa kwa rangi nyeusi mithili ya Biblia, akisimulia maisha yake miongoni mwa wanaume waliojiita mafundi wa kunasa wanawake. Mkuu wao alijiita Mystery, akivaa kofia za manyoya na miwani ya kuzuia vumbi ndani ya kumbi ambazo hazikuwa na vumbi hata chembe. Mwaka 2007 akapewa kipindi chake cha televisheni. Kutoka kwa watu wale msamiati umeshuka hadi kwa makocha wa leo, na kutoka kwa makocha hadi kwenye simu ya kijana wetu, kila mmoja akiuongezea chumvi kidogo.

Neno la kwanza lililonisimamisha ni lile la mwanamme kujifanya tausi: avae kitu cha ajabu ili atazamwe. Kwa maumbile hawakukosea, kwani mwenye mkia ni dume. Lakini katika ushairi wetu tausi ni yule anayepewa sifa, si yule anayeombea mtu amsifu. Nikiandika "jifanye tausi," msomaji wa Kiswahili atadhani kijana anaambiwa ajipambe, akae ndani, angoje posa. Nikapita.

La pili ni ufundi wa kumsifu mwanamke huku ukimchoma, kusudi ajione duni kidogo na atake kukupendeza. Hapa sikukosa neno, maana neno tunalo: kijembe. Kilichokosekana ni matumizi. Kwetu kijembe hurushiwa mshindani, jirani mkorofi au mke mwenza. Hutumwa kwa wimbo wa taarab au huandikwa kwenye kanga. Mwanamme atakayesimama Forodhani jioni amtupie kijembe mwanamke wa Unguja akitaraji kupendwa, namwombea salama. Amekwenda kushindana na mwenye ngoma yake. Jibu litakuja mbele ya watu, lina vina na mizani, na kijana atarudi nyumbani hana hata kofia ya manyoya ya kujifunikia uso.

La tatu ni "alfa." Kijana lazima awe alfa, yaani dume kuu la kundi la mbwa mwitu. Nililitafutia asili, na nikafurahi kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1947 mtaalamu wa Uswisi, Rudolf Schenkel, alichapisha uchunguzi wake juu ya mbwa mwitu waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, akaeleza jinsi walivyogombania ukubwa. Mwaka 1970 Mmarekani David Mech akaieneza fikra hiyo katika kitabu chake juu ya mnyama huyo. Lakini Mech hakuishia hapo. Alikwenda kisiwa cha Ellesmere, kaskazini kabisa ya Kanada, akawatazama mbwa mwitu walio huru kiangazi baada ya kiangazi. Mwaka 1999 akaandika kwamba kwa kawaida kundi ni aila: baba, mama na watoto wao. Wanaoitwa alfa ni wazazi tu. Akawa anamsihi mchapishaji aache kukichapa kile kitabu chake cha zamani.

Basi tafsiri sahihi ya alfa ni "baba wa watoto." Nilijaribu kuiweka mahali pake: "Ukiingia ukumbini, tembea kama baba wa watoto. Wanawake hawawezi kumkatalia baba wa watoto." Sentensi ilisimama vizuri kisarufi, ila nadhani haikuwa ndiyo shabaha ya mwalimu. Hata hivyo kuna mahali mfano wake unafaa. Waliogombania ukubwa ni wanyama waliofungiwa pamoja hawajuani, hawana pa kukimbilia, na watu wanawatazama kupitia wavu. Nani asiyeitambua sura ya mtandao hapo?

La nne halikunichekesha. Kurasa zile zinamtaka kijana awe "mwanamme mwenye thamani kubwa," na kumwangalia kila mwanamke kwa thamani yake "sokoni": umri wake, sura yake, wanaume aliokuwa nao. Maneno yote mawili, thamani na soko, ni ya Kiswahili cha kila siku, na kuyaandika ilikuwa kazi ya nusu dakika. Mkono ulikataa. Hapa kisiwani tulikuwa na soko la watu kweli, pale Mkunazini, hadi lilipofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sayyid Barghash alishurutishwa kuutia saini. Pale watu walipimwa umri, wakafunuliwa meno, wakatajwa bei. Huenda katika lugha ya mwalimu yule neno limekuwa jepesi kwa kutumiwa. Kwetu bado lina uzito wa mahali. Tukitaka kumsifu mtu husema ana utu, ana heshima, ana haya. Thamani tunaiachia nyumba na dhahabu. Wala madhara hayaishii kwenye maneno. Mwezi Novemba 2014 Australia ilifuta viza ya mmoja wa walimu hawa, Julien Blanc, na Uingereza ikamnyima ruhusa ya kuingia, baada ya video na picha zake na wanawake kuwakasirisha watu wengi.

La tano lilinigusa mimi binafsi. Ukurasa wa thelathini na tatu unasema kwamba katika mazungumzo maneno yana uzito wa asilimia 7 tu. Sauti ni 38 na sura ya uso na mwili ni 55. Kumwambia hivyo mtu aliyepoteza ujana wake akitafuta kina cha kati ni ukatili. Nikaitafutia asili nayo pia. Mwaka 1967 Albert Mehrabian na wenzake huko Marekani walifanya majaribio mawili. Katika moja watu walisikilizishwa maneno mamoja mamoja yaliyotamkwa kwa sauti mbalimbali. Katika jingine neno lilikuwa moja tu, lenye maana ya "labda," likitamkwa kwa namna tatu huku msikilizaji akionyeshwa picha za nyuso. Hesabu zikaunganishwa, na asilimia zile zikapatikana. Mehrabian mwenyewe amefafanua kwamba zinahusu kuonyesha kumpenda au kutompenda mtu, khasa pale neno na sauti vinapopingana, si mazungumzo yote ya wanadamu.

Kwa hivyo maneno yote ya dunia yamehukumiwa kwa ushahidi wa "labda." Na mwalimu anayetangaza kuwa maneno ni asilimia 7 ndiye huyo huyo anayeuza kurasa arobaini za maneno ya kuhifadhi.

Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo kutafuta kitu kimoja: sentensi iliyosemwa na mwanamke. Sikuipata. Yako majibu anayotarajiwa kuyatoa, "akikuambia hivi, wewe mwambie vile," lakini yeye mwenyewe hana jina, hana kwao, hana siku ya kuumwa kichwa wala habari ya kusimulia. Hapa ndipo ilipo kasoro ya fasihi hii, ukiziacha kofia na mbwa mwitu. Mapenzi katika lugha yetu yameishi kwa kujibizana, shairi kwa shairi na kanga kwa kanga. Kocha anaandika upande mmoja wa majibizano, kisha anaujaza mwenyewe na upande wa pili. Fundi wa namna hiyo hata akifaulu atakuwa bado peke yake. Strauss mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 2015, alieleza jinsi alivyomhini mwanamke aliyempenda na akahitaji matibabu. Mganga hajigangi.

Na kungwi, tulisema, kazi yake ilikuwa na mwisho. Ya kocha haina. Anayefunga ndoa haangalii tena video, na asiyeangalia haleti pesa ya matangazo. Simsingizii mtu kwamba anaomba wateja wake wabaki wapweke. Nasema tu kwamba riziki yake imekaa upande huo.

Lakini ni rahisi mno kucheka, na mimi sina haki kamili ya kucheka. Kabla sijaacha skuli, mnamo miaka ya 1980, nilikuwa fundi wa aina hii. Niliwaandikia wenzangu barua za mapenzi kwa malipo ya sambusa mbili, tatu kama barua ina shairi. Tulizipaka poda, tukazichora maua pembeni, na salamu zetu zilikuwa nyingi kuliko mchanga wa Bwejuu. Siku moja nilimwandikia rafiki yangu waraka ambao hadi leo naukumbuka kwa fahari. Aliunakili kwa mkono wake, akaupeleka. Jibu lilikuja na mistari mitatu, kwa maana hii: waraka umefika, mwandiko ni wako lakini maneno si yako, ukipata yako nitayasoma.

Rafiki yangu hakuandika tena. Alinijia mimi, akataka barua nyingine, nzuri zaidi. Na mimi, kwa kiburi cha fundi, nikaiandika. Haikujibiwa. Mlango ulikuwa umefunguliwa kwa mistari mitatu, nami nikaurudishia kwa vina.

Ndiyo maana siwalaumu vijana. Wanaume wa rika langu hatukuwaambia kitu. Wasichana walibakiwa na somo japo wa siku chache. Mvulana aliachiwa mzaha wa barazani na ukali wa baba. Usiku, kwenye kioo cha simu, anatokea mtu anayemwambia: nakuona, najua unaumia, sogea. Hata mimi ningesogea.

Kijana alipokuja kuchukua kazi yake nilimrudishia kurasa zote, na pesa yake ya kianzio. Alisikitika.

"Kwani zimekushinda, Ami?"

"Zimenishinda, mwanangu. Huyo mtu unayetaka kumpata, anaitwa nani?"

Alinyamaza kidogo, kisha akalitaja jina. Nikamuuliza anapenda nini. Akasema hajui, ila amewahi kumwona akisoma ndani ya daladala, akapitilizwa kituo chake, akashuka anacheka peke yake.

"Basi mwandikie hilo."

"Hilo tu? Na akinikataa?"

Nikamwambia labda atakataa. Aliondoka na kurasa zake kwapani, kwa hivyo sina hakika kama alinielewa.