Shujaaz kama Kisa Kimoja: Kumbukumbu kama Kipimo cha Uhakiki

Hadithi za picha hazijapewa nafasi ya kutosha katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki. Zinapotajwa, aghalabu huhukumiwa toleo mojamoja, kana kwamba kila toleo ni hadithi fupi iliyokamilika. Makala haya yanadai kwamba Shujaaz, jarida la katuni lililoanza kutolewa Nairobi mwaka 2010 na kampuni ya Well Told Story, haliwezi kutathminiwa kwa haki isipokuwa lisomwe kama kisa kimoja kinachoendelea.

Usomaji wa namna hii una mifano kwingineko. Nchini Marekani, ulimwengu wa mashujaa wa Marvel, uliopata msingi wake katika Fantastic Four mwaka 1961, umepitia mikono ya waandishi na wachoraji wengi. Katika kitabu chake All of the Marvels (2021), Douglas Wolk aliyasoma matoleo zaidi ya 27,000 kama hadithi moja. Hata hivyo, wazo lenyewe si geni kwa Waswahili. Fumo Liyongo anaishi katika nyimbo za gungu, katika masimulizi ya mdomo na katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Hakuna matini moja inayommaliza; lakini msikilizaji aisikiapo sindano ya shaba ikitajwa, huujua mwisho. Umoja wa kisa umo katika kumbukumbu, si katika ukamilifu wa maktaba.

Hoja hii ina uzito kwa Shujaaz kutokana na jinsi lilivyosambazwa. Lilitolewa bila malipo, ndani ya gazeti la Saturday Nation na katika vibanda vya M-Pesa. Mnunuzi wa gazeti katikati ya jiji, sawa na kijana wa Kawangware au Kangemi aliyepitia kibandani, hakuwa na hakika ya kulipata toleo lililofuata. Mfululizo ulihitaji uzi ambao msomaji angeweza kuushika tena baada ya pengo. Uzi huo ni Boyie, kijana asiye na ajira ambaye kwa siri huendesha redio chumbani mwake na kuyateka mawimbi ya FM. Visa vya Maria Kim, Malkia na Charlie Pele vinakutana katika sauti yake, kama vile ngano mbalimbali zinavyokutana kwa mtambaji mmoja. Siri yake inafanya kazi ya kinyago cha shujaa wa Marvel, ila nguvu zake si za mwili bali ni za kusema. Vipindi halisi vya redio vilipomrusha hewani, na wasomaji wakamwandikia kwa simu, hadhira nayo iliingia katika usimulizi.

Upo ukosoaji usiofaa kupuuzwa: Shujaaz lilifadhiliwa ili kueneza maarifa. Kisa cha kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwanyakue, kikisomwa peke yake, hakitofautiani sana na kijikaratasi cha bwana shamba. Kikisomwa ndani ya mfululizo, maarifa hayo yanapita mikononi mwa vijana wanaotafuta riziki kama msomaji wao. Hayashuki kutoka kwa mwalimu. Hapo ndipo Sheng inapopata uhalali wa kifani, kwani ndiyo lugha ya usawa huo. Lakini utetezi huu una mpaka. Kila mada mpya ya mfadhili inapoingia, mhakiki hana budi kuuliza: je, mhusika anakumbuka? Pale ambapo siri ya Boyie ingali inamgharimu, kisa kinasimama. Pale inaposahauliwa ili nasaha ipite, wahusika hugeuka vipaza sauti.

Kwa hiyo, toleo moja lililookotwa latosha kuchanganua lugha na michoro, lakini halitoshi kutolea hukumu ya dhamira. Idara zinazofundisha fasihi pendwa zina wajibu wa kuyakusanya matoleo ya karatasi kabla hayajaishia kufungia karanga.