Dubu wa Hamad na Kosa la Rangi

Shaba haipakwi njano. Sisi wa Fereej Bin Mahmoud tukipanda metro tunabadilisha Msheireb tu, tunafika uwanja wa ndege wa Hamad hapa Doha, na dubu wa Urs Fischer, ile sanamu ya mwanasesere wa njano, tumempita mpaka tumemzoea. Mita 7 za shaba iliyosubiwa, kisha ikaamuliwa apakwe rangi; mnada wa Christie's 2011, dola milioni 6.8.

Mishono na mikunjo ya kitambaa imetoka vizuri kwenye kalibu, hilo nawapa. Lakini anayechagua shaba anagharamia uzito na ngozi, na hapa ngozi imetupwa. Ngozi ya shaba hushika giza penye bonde na kung'aa penye mwinuko. Ndiyo inayolionyesha jicho umbo linageukia wapi. Ile njano imesawazisha kila kitu: goti, tumbo na shavu vinapokea mwanga kwa namna moja, na mikunjo iliyosubiwa kwa taabu yote ile imebaki kama michoro ya penseli. Watetezi wake husema ndiyo hila yenyewe, madini yajifanye pamba. Haya, hila. Ukishaambiwa ni shaba, imekwisha, na ndege yako bado saa nne. Kama shida ilikuwa pamba, faiba ingetosha, tena ingebebeka.

Mhariri amechoka kulisikia jina hili, nami sichoki kulitaja: Barye, mchongaji wa sanamu za wanyama aliyejua shaba ni ya nini. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alikuwa bustani ya Jardin des Plantes, Paris, pamoja na mchoraji Delacroix, wakichunguza mzoga wa simba. Simba wake anayemkandamiza nyoka alionyeshwa kwenye maonyesho ya Salon ya Paris mwaka 1833 akiwa plasta, na Honoré Gonon akamsubu kwa nta mwaka 1835. Kwa nta, narudia! Kalibu ya mchanga hutoa vipande vya kuunganishwa, halafu patasi ya fundi hupita juu ya mkono wa msanii. Nta huuacha mkono ule ulivyo, ndiyo maana manyoya ya yule simba yana fujo ya kweli na makucha yake yanabana. Na mwaka 1837 waamuzi wa Salon wakazikataa sanamu zake za meza ya Duke wa Orléans. Sijawasamehe.

Choroa wa Tom Claassen, humo humo uwanjani, wamerahisishwa mno kwa ladha yangu, ila wanasimama kama wanyama wenye uzito.

Yule dubu akwanguliwe. Waanze na unyayo mmoja, abiria waushike, tuone mwaka mmoja wa mikono ya watu utaifanyia nini hiyo shaba.