Fundi wa Beti Zinazobebeka

Mshairi tumezoea kumpima kwa upya wa maneno yake: ameona nini ambacho wenzake hawakukiona, na amekisema vipi. Ni kipimo cha haki, ila kikitumika peke yake huwaacha nje mafundi wakubwa. Mmoja wao ni Nana Asma'u, binti wa Shehu Usman dan Fodio, aliyezaliwa mwaka 1793 huko Degel, kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Nigeria, akafariki mwaka 1864. Katika umri wake mrefu alikuwa mwana wa mwanachuoni, dada wa mtawala, mke wa waziri, mama na mwalimu, tena akaacha tungo zipatazo sitini kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa. Nitakalolitetea hapa ni kwamba ustadi wake mkubwa ulikuwa kuutengeneza ubeti uweze kubebwa kichwani na mtu asiye na kitabu, ukafika mbali ukiwa mzima. Kazi hiyo ni sanaa kamili, na hakuna sababu ya kuiweka safu ya pili.

Ukoo wake ulikuwa wa masheikh, na humo kalamu ilikuwa chombo cha nyumbani. Baba yake, aliyewalaumu hadharani wanaume wanaowanyima wake zao elimu ya dini, alitunga mashairi kwa Kiarabu na Kifulani. Kaka yake kwa baba, Muhammad Bello, alitawala Sokoto, dola iliyoasisiwa na baba yao, tangu 1817 hadi 1837 huku akiandika vitabu. Mumewe, Waziri Gidado dan Laima, aliandika habari za Shehu na za Bello. Ukoo wa namna hii humpa mtoto lugha na nidhamu, na humpa kazi vilevile. Shehu alipofariki mwaka 1817, Asma'u alikuwa miongoni mwa waliozipanga na kuzitunza karatasi zake. Bello alipofariki miaka ishirini baadaye, yeye ndiye aliyemtungia maombolezo. Alitunga akiwa katikati ya malezi, darasa na shughuli za dola, na mara nyingi alijua ni nani anayeungojea utungo wake.

Ushahidi wa kwanza wa ufundi wake ni utungo unaotaja majina ya sura zote 114 za Kurani. Msomaji wa haraka ataona orodha tu. Lakini fundi anajua taabu ya kuyapanga majina marefu na mafupi mpaka yakubali mizani na vina na kuanza kuvutana, jina hili likilikumbusha ulimi jina lijalo. Asma'u aliifanya kazi hiyo katika lugha zake zote tatu, na kila lugha ina mapigo yake, kwa hiyo kila mara ilibidi aanze upya. Kiarabu kilimfikisha kwa wanazuoni, Kifulani kwa jamaa zake, na Kihausa kwa umma mpana wa watu ambao wengi wao walikuwa wameingia chini ya utawala mpya kwa kushindwa vitani.

Ushahidi wa pili ni takhmisi, bahari ambayo washairi wa pwani yetu waliirithi pia kutoka kwa Waarabu. Mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenzake, akaitangulizia mitatu ya kwake, hadi ubeti wa mitano usomeke kama uliotoka kinywa kimoja. Asma'u alizifanyia hivyo baadhi ya tungo za baba yake. Asemaye kwamba huko ni kufuata nyayo hajaijaribu takhmisi. Anayeitunga anaujua mwisho wa ubeti kabla ya kuandika neno la kwanza, na hana ruhusa ya kuugusa. Uhuru wake wote umo katika njia atakayopita kuufikia. Mshono ukionekana, kazi imeharibika. Ni mtihani wa sikio na wa unyenyekevu kwa pamoja, na mtunzi aliyeufaulu hawezi kuitwa mwigaji.

Tungo hizo hazikuachwa sandukuni. Asma'u aliwaunganisha wanawake wa vijijini katika mtandao ulioitwa 'Yan Taru. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake, aliyeitwa jaji na kutambulika kwa kofia pana ya malfa iliyofungwa kitambaa chekundu. Waliosafiri kwenda kwake walikuwa hasa wasichana wadogo na wanawake wa makamo, kwa kuwa mama mwenye mtoto mchanga hakuweza kuondoka nyumbani. Wasafiri walijifunza beti kwa ghibu, wakarudi kuzifundisha. Hapa ndipo mizani na vina vinapoonyesha faida yake. Maelezo ya kawaida yakipita vinywa vinne hubadilika. Ubeti uliofungwa sawasawa humsuta mwenyewe anayeukosea, kwa sababu sikio linashtuka. Kwa njia hiyo elimu ilimfikia hata mama aliyefungwa na malezi, bila yeye kuvuka kizingiti.

Wako watakaosema kwamba haya ni mafunzo yaliyovishwa vina, na kwamba sanaa huanza pale mawaidha yanapokoma. Pingamizi hilo tunalijua, maana Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, umepigwa nalo mara nyingi. Jibu limo katika maombolezo ya Asma'u. Zaharatu, mwanamke aliyewasaidia wanawake wakati wa kujifungua na kuwaosha maiti, hakuwa mke wa mfalme wala shujaa wa vita, lakini Asma'u alimtungia utungo. Kuamua kwamba mikono ya mwanamke huyo inastahili ubeti ni kuona jambo ambalo washairi wengi wa ikulu hawakuliona. Kwa hiyo hata kwa kipimo kile cha upya, Asma'u hapungukiwi. Mafunzo yake yalichagua watu wa kuwatukuza, na uchaguzi huo ni wa kishairi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Dola ya Sokoto ilijengwa kwa vita vilivyoanza mwaka 1804, ikategemea watumwa, na Asma'u aliyasifu majeshi yake. Hata malfa ilikuwa alama ya kiongozi wa kike wa dini ya jadi ya Wahausa wa Gobir kabla yeye hajaigeuza kuwa alama ya wanafunzi wake. Nafasi yake ya kusoma na kuandika ilibebwa pia na jasho la watu wasio na uhuru. Yote hayo ni kweli, na sifa za fundi haziyafuti. Hata hivyo, mtawala anayetaka utii tu hutosheka na amri. Aliyetunga kwa lugha ya walioshindwa, akawapa wanawake wao cheo cha kufundisha, aliwaachia kitu ambacho dola isingeweza kukidai tena.

Nayo dola ilianguka kwanza. Waingereza waliitwaa Sokoto mwaka 1903, lakini tungo zilibaki vichwani mwa wanawake na katika hazina za ukoo, ambako Waziri Junaidu, wa ukoo huo, alizitunza. Mwaka 1997 watafiti Jean Boyd na Beverly Mack walizichapisha zikiwa zimekusanywa pamoja. Leo wako Waislamu wa Marekani, huko Pittsburgh, wanaojifunza kwa kufuata nyayo za 'Yan Taru. Basi mhakiki anayemuuliza mshairi amesema nini kipya aongeze swali la pili: ni nani ataweza kulisema shairi hili wakati kitabu hakipo? Kwa swali hilo, wengi tunaowaita wakubwa watalazimika kumpisha Asma'u.