Nekta ya Pichi: Ionje Kabla ya Barafu

Ukitaka kujua kama aliyekutengenezea juisi ya pichi anaijua kazi yake, mwombe akumiminie robo glasi kabla hajatia barafu. Baridi ina stara nyingi. Huzima harufu, hupunguza makali ya utamu, na juisi iliyopooza ikishapoa sawasawa hupita kooni bila mtu kuuliza kitu. Ile ile ukiionja ikiwa na joto la jikoni haina pa kujificha: maji yatajulikana, sukari itajulikana, na pichi nalo, kama limo kweli, litajulikana.

Nianze na kauli ambayo wengine hawataipenda. Pichi si tunda la kukamuliwa. Ladha na harufu yake imo kwenye nyama, kwa hiyo anayesaga kisha akachuja mpaka akabaki na kimaji chepesi, kilicho bora amekiacha kwenye chujio. Ndiyo sababu hata viwandani pichi huuzwa zaidi kama nekta, yaani rojo la tunda lililolegezwa kwa maji na kutiwa sukari au asali. Kanuni za kimataifa za vyakula za Codex zinataka nekta ya pichi iwe na tunda lisilopungua asilimia 40. Umoja wa Ulaya unataka 50. Boksi la dukani, basi, linaweza kuwa na maji na sukari zaidi ya nusu na bado likastahili jina lake. Nyumbani mimi huanzia nusu kwa nusu, na tunda likiwa zuri hufika sehemu mbili za rojo kwa moja ya maji. Chini ya nusu hayo ni maji yaliyopakwa pichi.

Lakini ubora huamuliwa mapema zaidi, sokoni. Pichi ni mti wa nchi za baridi. Bila kupata ubaridi wa kutosha hauchanui vizuri, na ndiyo maana kwetu unaonekana milimani tu: Lushoto, Njombe, Mufindi, na upande wa Kenya kwenye nyanda kama za Limuru. Anayepanda kutoka Mombo kwenda Lushoto msimu wa matunda atakutana na wauzaji barabarani, hasa pale Soni, na ndoo zao za pichi, plamu na peasi. Na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea, kwa sababu mkono wao huenda moja kwa moja kwenye pichi jekundu.

Wekundu ni kazi ya jua na aina ya mti. Hausemi lolote la maana kuhusu kuiva. Tazama rangi iliyo chini ya wekundu, hasa karibu na kikonyo na upande uliokuwa umefichwa na majani. Ikiwa imegeuka manjano iliyokolea, au rangi ya maziwa kwa pichi jeupe, tunda lilikomaa mtini. Ikiwa bado ina ukijani, lilichumwa mapema, na hapo hakuna dawa. Ndizi mbichi ukiivundika, wanga wake hugeuka sukari. Pichi halina akiba hiyo. Ukiliweka mezani litalainika, litanukia kidogo, uchachu wake utapungua, lakini sukari haitaongezeka. Watu hupeleka nyumbani pichi la kijani, wakasubiri siku nne, likawa laini, wakadhani limeiva. Kumbe limelainika tu. Nekta yake itakuwa na uzito mzuri na haitakuwa na ladha, na mtengenezaji ataanza kumwaga sukari ili kufukia shimo.

Baada ya macho, pua. Linuse kwenye kikonyo. Pichi lisilonukia likiwa mkononi halitanukia likiwa kwenye glasi, na hilo ni agizo ninalolifuata bila kujali bei. Usilibonyeze kwa kidole gumba, maana utaacha alama ya kahawia na kumwudhi mwenye ndoo. Lishike kwa kiganja kizima ulisikie linavyokubali.

Likiwa bado gumu, lisiingie kwenye friji. Hili halisemwi vya kutosha. Baridi ya friji ya kawaida, kati ya digrii 2 na 8 hivi, ndiyo hasa inayoliharibu pichi ambalo halijaiva: nyama yake hukauka, ikawa ya ungaunga na isiyo na maji, ingawa kwa nje ngozi inang'aa. Liache mezani lilainike, ndipo ulipooze. Ukionja nekta ukasikia ungaunga kwenye ulimi, kama vile kuna kitu kimesagwa kikavu, usiilaumu blenda. Tunda hilo lililala kwenye ubaridi kabla ya wakati wake.

Kuna pichi la nyama ya manjano na pichi la nyama nyeupe. La manjano lina uchachu zaidi, na nekta yake husimama imara hata ikiwa na barafu. Jeupe ni tamu, lina harufu ya maua, na uchachu wake ni mdogo. Giuseppe Cipriani, mwenye Harry's Bar kule Venice, alipobuni kinywaji chake cha Bellini alichagua rojo la pichi jeupe, na mtu akilinusa haoni ajabu. Kwa matumizi ya nyumbani nachagua la manjano. Jeupe huchujuka upesi, na bila limau ladha yake hulala.

Kisha kuna suala la kokwa. Kata kwa kufuata ule mfereji uliozunguka tunda, shika nusu mbili, zungusha kila moja upande wake. Mengine huachia kokwa likatoka safi. Mengine hung'ang'ania na itabidi ukate vipande kulizunguka. Haya ya pili si mabaya, yanachosha tu. Jambo moja halina mjadala: kokwa halisagwi wala halipasuliwi ili punje yake iongeze harufu. Punje ina amigdalini, kitu ambacho mwilini hutoa sianidi.

Kumenya ni mtihani mwingine wa bure. Chora msalaba mdogo chini ya tunda kwa ncha ya kisu, litumbukize kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha litie kwenye maji baridi. Pichi lililoiva huvua ganda lake lenyewe, unavuta kwa vidole tu. Likigoma na kukulazimisha utumie kisu, limekwambia halijaiva. Maganda usiyatupe. Yachemshe dakika chache pamoja na maji na sukari utakayotumia kulegeza rojo, halafu uyachuje. Yakiwa ya pichi jekundu, shira hutoka na rangi ya waridi na harufu ambayo nyama peke yake haina. Na shira ni bora kuliko sukari kavu, ambayo kwenye nekta baridi huzama chini ikamngoja anayekunywa wa mwisho.

Sasa blenda. Pichi likikatwa tu likakutana na hewa, vimeng'enya vyake huanza kulitia kahawia, na blenda huingiza hewa kuliko kisu. Weka juisi ya limau au ndimu kabla ya kusaga, si baada. Kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita kinatosha kuanzia. Chuja kwa chujio la waya lenye matundu ya wastani, ukisukuma kwa mgongo wa kijiko. Kitambaa kiachie tui.

Hapa watengenezaji hugawanyika. Wapo wanaoapa kwa mbichi na wapo wanaopika. Nekta mbichi ina harufu ambayo hakuna moto utakaoirudisha, lakini lazima inywewe upesi: rangi yake hufifia, na baada ya muda hujitenga, maji juu na rojo chini, kwa sababu vimeng'enya vinavunja ile pektini inayoishikilia. Kujitenga huko si kuharibika, koroga unywe. Iliyopikwa hubaki na rangi yake na haijitengi upesi, mradi vipande vipate moto wa karibu kuchemka kwa dakika chache, kisha sufuria iepuliwe. Wakizidisha, harufu inageuka ya jamu. Ukipewa nekta ya rangi ya chungwa iliyokolea inayonukia jamu, mpishi alikwenda kupokea simu.

Binafsi, ikiwa wageni wako sebuleni, nasaga mbichi. Ikiwa ni ya kesho, napika.

Glasi ikishakuwa mkononi, izungushe taratibu. Nekta nzuri huacha utando mwembamba ulio sawa, ukateremka polepole. Ikiacha vibonge, haikusagwa au haikuchujwa. Ikiteremka kama maji, unajua tayari. Rangi iwe ya manjano yenye uhai au ya waridi hafifu. Ikiwaka kama soda, kuna rangi ya dukani ndani yake, na ikiwa nzito, ya chungwa, yenye harufu ya papai ikishapata joto, basi kuna papai. Papai ni tunda jema, ila liuzwe kwa jina lake.

Halafu onja, na usimeze haraka. Utamu ufike kwanza, uchachu uufuate nyuma yake, na mwisho ibaki harufu ya pichi kooni. Utamu ukikaa peke yake, ukagandamana kwenye meno, sukari imezidi au limau limesahaulika. Ukisikia ulimi unakakamaa, tunda lilikuwa bichi. Chembe ya chumvi husaidia. Tangawizi, ambayo siku hizi hutiwa kwenye kila jagi la juisi, hulizika pichi kabisa. Pasheni kidogo hulifaa zaidi kwa sababu huleta uchachu, ingawa ikizidi kijiko kimoja au viwili kwa glasi umeshahamia juisi nyingine.

Kwa kuwa baridi hupunguza utamu na barafu huongeza maji, tengeneza nekta iliyokolea kidogo kuliko unavyoipenda ikiwa vuguvugu. Au, bora zaidi, gandisha sehemu yake kwenye trei ya barafu, utumie vipande hivyo badala ya barafu ya maji.

Kuhusu kuhifadhi: mbichi iishe ndani ya siku mbili kwenye friji, iliyopikwa siku nne hivi, na zaidi ya hapo igandishe. Usidanganyike na chupa iliyofungwa vizuri ukaiweka kabatini. Pichi jeupe hasa lina asidi ndogo, na wataalamu wa uhifadhi wa vyakula nchini Marekani hawaruhusu lifungiwe nyumbani kwa njia ya kuchemsha chupa kwenye maji. Chupa ikitoa mapovu ukiifungua, au ikinuka pombe, mwaga. Kuichemsha upya hakutaiokoa.