Mboga Ngeni, Ufundi wa Wenyeji

Wapo wanaodai kwamba kilimo cha mboga Lushoto, kwenye milima ya Usambara, hakiwezi kuitwa urithi, kwa kuwa kabeji na karoti ziliingia juzi tu, pamoja na wamisionari na walowezi wa Kijerumani waliouita mji huo Wilhelmstal. Kuhusu mbegu, wamesema kweli. Ila mbegu ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, dukani zimejaa. Anachorithi mtoto wa Kisambaa ni akili ya maji na mteremko: mfereji uanzie wapi ili maji yashuke taratibu bila kukokota udongo, na zamu ya jirani iheshimiwe vipi kiangazi kikikaza. Mifereji hiyo ilikuwepo kabla ya bendera yoyote ya Ulaya. Kabeji ilikuta bonde limekwisha kuandaliwa. Hata mpangilio wa mazao una hesabu yake. Samadi hupewa kabeji, mlafi wa shamba. Karoti hufuata baadaye, maana kwenye samadi mbichi mzizi wake huchipua miguu na mnunuzi huikataa. Kisha maharage, yanayorudisha nguvu ya ardhi. Kijitabu cha bwana shamba kinaweza kuyaeleza haya katika ukurasa mmoja, lakini hakijui ni pembe ipi ya bonde inayotuama maji na kuozesha miche.

Ushahidi mkubwa zaidi ni wa upande wa pili, wa kukataa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Wakagoma, na mpango ukafa mwaka 1957. Wakaitwa wajinga. Lakini leo, katika milima hiyohiyo, wapo waliojichimbia matuta ya ngazi bila kushurutishwa, pale ambapo mboga zinalipa jasho la kazi hiyo. Walichokikataa ni amri iliyoongeza kazi, hasa kwa wanawake, bila kuongeza chakula.

Tatizo la kweli liko kwingine. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yamebaki vipande, na ufundi, hata uwe wa vizazi vinne, haupangi bei. Dalali ndiye anayeipanga, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, humnyang'anya mkulima kilo ambazo hakuna anayezilipia. Wewe unayenunua karoti Kariakoo, kabla hujalalamikia bei, litazame kwanza gunia lilivyoshonewa kilemba.