Ukweli wa Kumbukumbu na Ukweli wa Nyaraka: Uhakiki wa Tawasifu ya Loretta Lynn

Loretta Lynn (1932–2022), mwanamuziki wa kantri wa Marekani, aliyasimulia maisha yake kwa jina moja katika tanzu mbili: wimbo Coal Miner's Daughter, uliotoka mwaka 1970, na tawasifu ya jina hilo, iliyochapishwa mwaka 1976. Filamu iliyotokana na kitabu hicho ilifuata mwaka 1980, na Sissy Spacek, aliyeigiza nafasi ya Lynn, akapata Tuzo ya Oscar. Kwa muda mrefu ilikubalika kuwa Lynn aliolewa akiwa na miaka 13. Hata hivyo, mwaka 2012 shirika la habari la Associated Press lilionesha, kwa kutumia nyaraka rasmi za Kentucky, kuwa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1932. Hivyo basi, alipofunga ndoa Januari 1948, alikuwa na miaka 15. Swali linalojitokeza ni iwapo tofauti hiyo inaondoa thamani ya ushahidi wa msimulizi.

Mambo makuu ya maisha hayo hayategemei umri huo. Lynn alizaliwa Butcher Hollow, akiwa mtoto wa pili kati ya wanane wa mchimba makaa ya mawe. Baada ya ndoa, yeye na mumewe, Oliver Lynn, walihamia jimbo la Washington, ambako alipata watoto wanne kabla ya kuanza kuimba hadharani. Wimbo wake wa kwanza ulitoka mwaka 1960, na wenyewe wawili waliupeleka kwa gari kutoka kituo kimoja cha redio hadi kingine. Mwaka 1972 akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Mtumbuizaji Bora wa Mwaka ya Country Music Association.

Kiusimulizi, kitabu kimeandikwa kwa nafsi ya kwanza, lakini kwa ushirikiano na mwanahabari George Vecsey. Kwa hiyo "mimi" wa matini ni zao la watu wawili: mmoja ametoa kumbukumbu, mwingine amezipanga. Aidha, msimulizi anakataa waziwazi kutaja mwaka wake wa kuzaliwa, kwa hoja kwamba yeye anaishi kwa kuimba na hataki kupimwa kwa miaka yake. Msomaji makini, basi, alikwisha kuonywa na matini yenyewe kuwa suala la umri limefichwa. Pamoja na hayo, kunyamaza si sawa na kutoa tarakimu isiyo sahihi. Kunyamaza ni haki ya kila msimulizi wa maisha yake, ilhali tarakimu humfunga msomaji kuiamini.

Athari ya tarakimu hiyo haikuishia kwa Lynn peke yake. Milima ya Appalachia ilikuwa tayari imechorwa na watu wa nje kama makazi ya umaskini na ujinga. Taswira ya bibi harusi wa miaka 13 iliafiki mchoro huo, na ikawa rahisi kukumbukwa kuliko kazi ya mgodini iliyomlea. Kwa namna hiyo, simulizi iliyokusudia kuwapa heshima watu wa machimbo iliwapa pia wadhihaki wao kielelezo.

Ukweli wa Lynn unajitokeza kwa nguvu zaidi pasipodaiwa kuwa wasifu. Wimbo The Pill, uliotoka mwaka 1975, ulitungwa na watu wengine. Nafsineni ni mke aliyechoshwa na mimba za mfululizo, anayefurahia uhuru uliotokana na vidonge vya uzazi wa mpango. Vituo vingi vya redio vilikataa kuupiga. Hakuna cheti kinachoweza kuuthibitisha au kuukanusha wimbo huo. Hata hivyo, ulipoimbwa na mama wa watoto sita, ulipata uzito ambao watunzi wake peke yao wasingeweza kuupa.

Kwa jumla, nyaraka za mwaka 2012 zinasahihisha tawasifu bila kuibatilisha. Zinamtaka mhakiki atenganishe madai mawili: dai la tarehe, ambalo huamuliwa na kumbukumbu za serikali, na dai la hali ya maisha, ambalo hupimwa kwa uwiano wa matini na mazingira yaliyoizaa. Lynn alikosea katika la kwanza. Katika la pili, bado ni shahidi wa kutegemewa: msichana wa miaka 15 aliyeolewa na kupelekwa mbali na kwao alikuwa na mengi ya kusimulia bila kupunguziwa miaka miwili.